Kiraka kimetiwa lakini kosa liko palepale: utatuzi wa matatizo ya viraka vya binafsi kwenye pakeji za watu wengine

Tovuti ya kukata tiketi za boti ya Mwanza kwenda Nansio, au ya kupokea oda za dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, huwa na msimbo kidogo ulioandikwa na mwenye mradi na msimbo mwingi mno wa watu wengine uliojaa kwenye `node_modules`, folda ya pakeji, yaani vifurushi vya msimbo unavyosakinisha. Ukikuta kosa kwenye msimbo huo wa wengine na mwandishi wake bado hajalirekebisha, njia ya haraka ni kutia kiraka. Unabadilisha mistari michache, unahifadhi tofauti kwenye faili, na faili hilo linatumika upya kila pakeji zinaposakinishwa. Kwa npm, kisakinishi cha pakeji za JavaScript, zana inayotumika zaidi ni `patch-package`. Ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya mwongozo huu, kisha pnpm (mbadala wa npm) na Composer (ya pakeji za PHP, zikiwemo za Laravel) zitaguswa kwa ufupi.

Kiraka kinachogoma kwa kelele hakina shida, maana utakiona. Cha kuogopa ni kile kinachoshindwa kimyakimya: usakinishaji unamalizika salama, seva inawaka, na msimbo wa zamani unaendelea kuhudumia wateja. Dalili nyingi hapa chini zinatokana na ukimya huo. Ndani ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi imetangulia, na ukaguzi mwepesi unakuja kabla ya mzito.

Mfano tutakaoutumia

Tuchukulie pakeji ya kuchagua muda, tuiite `chagua-saa`, toleo la 3.2.1. Abiria akichagua 21:00, yenyewe inaandika "saa 9 usiku". Kwa msomaji wa Kiswahili hiyo ni 03:00, na boti itakuwa imeondoka saa sita kabla. Kiraka chake ni mstari mmoja:

```
diff --git a/node_modules/chagua-saa/dist/index.mjs b/node_modules/chagua-saa/dist/index.mjs
--- a/node_modules/chagua-saa/dist/index.mjs
+++ b/node_modules/chagua-saa/dist/index.mjs
@@ -41,3 +41,3 @@
 function saa12(h) {
-  return h % 12 || 12;
+  return (h + 6) % 12 || 12;
 }
```

Sasa 21 inatoa 3, 7 inatoa 1, na 6 inatoa 12. Unahariri faili ndani ya `node_modules`, unaandika `npx patch-package chagua-saa`, na linazaliwa faili `patches/chagua-saa+3.2.1.patch`. Kwenye `package.json`, sehemu ya `scripts`, unaweka `"postinstall": "patch-package --error-on-fail"`, hati ya kuendeshwa baada ya usakinishaji.

Kabla ya yote hayo, soma maelezo ya pakeji yenyewe. Viraka vingi havikuhitajika kabisa. Bei kuandikwa na senti, kwa mfano TSh 25,000.00, kunaondolewa kwa kupitisha `maximumFractionDigits: 0` kwenye `Intl.NumberFormat`, hakuna haja ya kugusa msimbo wa mtu.

Dalili: mabadiliko yametoweka baada ya kusakinisha

Anza na `ls patches`. Folda ikiwa tupu au haipo, ulihariri `node_modules` bila kutengeneza kiraka, na `npm ci` huifuta folda hiyo yote kabla ya kuanza kazi. Hariri tena, kisha tengeneza kiraka.

Faili likiwepo kwako lakini halipo kwa mwenzako, andika `git check-ignore -v patches/*.patch`. Amri hii inakuonyesha mstari hasa unaolizuia faili. Mara nyingi ni `*.patch` iliyoandikwa zamani kwenye `.gitignore` (orodha ya mafaili yasiyohifadhiwa na Git), au kwenye faili la jumla la Git la mashine nzima, ambalo watu husahau kwamba lipo.

Sababu ya tatu haijulikani na wengi: npm huendesha `postinstall` ya mradi wako unapoandika `npm install` tupu au `npm ci`. Ukiandika `npm install pakeji-nyingine`, au ukiondoa pakeji kwa `npm uninstall`, hatua hiyo hairukiwi kwa bahati mbaya. Haimo kabisa kwenye kazi ya amri hizo. Ikitokea npm imepanga upya folda na kuishusha `chagua-saa` safi, kiraka hakipo tena na hakuna ujumbe wowote. Jizoeshe kuandika `npx patch-package` kila unapoongeza au kuondoa pakeji. Yarn toleo la 1 nayo haiendeshi `postinstall` baada ya `yarn remove`. Pakeji ndogo iitwayo `postinstall-postinstall` ndiyo inayoziba pengo hilo.

Mwisho kagua `npm config get ignore-scripts`. Jibu likiwa `true`, kuna mtu aliyezima hati zote kwa sababu za usalama, na huenda alikuwa na sababu nzuri. Usiiwashe kimyakimya. Acha mpangilio ulivyo, na endesha `npx patch-package --error-on-fail` kama hatua yake yenyewe baada ya kusakinisha.

Dalili: kwenye laptop sawa, kwenye seva bado kosa

Ingia kwenye seva, au ndani ya kontena, uangalie faili lenyewe:

```
grep -nF "(h + 6)" node_modules/chagua-saa/dist/index.mjs
```

Mstari ukionekana, ruka hadi dalili inayofuata. Usipoonekana, soma kumbukumbu za usakinishaji.

Ukikuta `No patch files found`, folda ya `patches` haikufika kwa wakati. Kwenye Docker, zana ya kufungasha programu ndani ya kontena, hii ndiyo sababu nambari moja: `package.json` inanakiliwa, `npm ci` inaendeshwa, halafu ndipo mradi uliobaki unanakiliwa pamoja na viraka ambavyo vimeshachelewa. `patch-package` haihesabu hali hiyo kuwa kosa, kwa hiyo picha (image) ya kontena inajengwa bila kulalamika. Mpangilio sahihi ni huu:

```
COPY package.json package-lock.json ./
COPY patches ./patches
RUN npm ci
```

Kagua pia kwamba `.dockerignore` haiitaji `patches`.

Ukikuta `patch-package: not found`, umesakinisha kwa `--omit=dev` huku `patch-package` ikiwa kwenye `devDependencies`. Ihamishie `dependencies`. Kama kiraka chenyewe ni cha pakeji ya maendeleo tu, lipe faili jina linaloishia na `.dev.patch`, nalo litarukwa pale `NODE_ENV` inapokuwa `production`.

Ukikuta neno `ERROR` jekundu lakini usakinishaji ukaendelea, ni ile bendera ya `--error-on-fail` iliyokosekana. `patch-package` huiwasha yenyewe ikitambua kuwa iko kwenye CI (mfumo wa kujenga na kujaribu msimbo kiotomatiki). Kwenye VPS (seva ya kukodi) unayoingia kwa ssh na kuandika amri kwa mkono haiiwashi, na itarudisha 0 hata kiraka kikishindwa. Bendera hiyo iandikwe daima.

Dalili: `grep` inaonyesha kiraka kimo, ila ukurasa unaonyesha msimbo wa zamani

Hapa ndipo saa nyingi za watu hupotea. Maswali ni mawili, na yaulizwe kwa mpangilio huu: faili nililobadilisha ndilo linalosomwa? Kama ndilo, nani anashikilia nakala ya zamani?

Kwanza, fungua `node_modules/chagua-saa/package.json` usome `main`, `module`, `browser` na `exports`. Pakeji nyingi hubeba msimbo uleule kwa sura mbili au tatu: `src/` ya kusomwa na binadamu, `dist/index.cjs` kwa `require`, na `dist/index.mjs` kwa `import`. Ukibadilisha `src/` hakuna kitakachotokea, kwa sababu hakuna anayeisoma. Ukibadilisha `.mjs` peke yake kwenye mradi unaochora kurasa upande wa seva, seva inaweza kusoma `.cjs` huku kivinjari kikisoma `.mjs`. Alama yake ni hii: ukurasa unafunguka ukiandika "saa 9 usiku", kisha kufumba na kufumbua unageuka "saa 3 usiku", na konsoli ya kivinjari inalalamika kwamba HTML ya seva hailingani na ya mteja. Ukiona hivyo, kiraka chako kina nusu ya kazi. Badilisha sura zote mbili, na kama umegusa majina au aina za vigezo, badilisha na `.d.ts`.

Kujua Node inachukua faili lipi:

```
node -p "require.resolve('chagua-saa')"
```

Kivinjari hakifuati njia hiyo lazima, maana zana ya kufungasha ina kanuni zake. Ukaguzi usiodanganya ni kuweka `console.log('KIRAKA cjs')` kwenye faili moja na `console.log('KIRAKA mjs')` kwenye lingine, kisha kuangalia konsoli ya seva na ya kivinjari. Ziondoe kabla ya kutengeneza kiraka.

Pili, `npm ls chagua-saa`. Zikionekana nakala mbili, kiraka kimeingia kwenye ya juu na inayotumika imejificha ndani ya pakeji nyingine. Matoleo yakikubaliana, `npm dedupe` huziunganisha. Yasipokubaliana, itie kiraka nakala ya ndani: `npx patch-package kalenda-kubwa/chagua-saa`, na faili litaitwa `kalenda-kubwa++chagua-saa+` likifuatiwa na toleo. Alama mbili za kujumlisha si makosa ya uchapaji, usizisahihishe.

Tatu, kache, yaani nakala zilizohifadhiwa ili kazi iende haraka. Vite, mojawapo ya zana za kufungasha, hufungasha pakeji mapema na kuziweka `node_modules/.vite`. Huangalia `package-lock.json` na muda wa folda ya `patches`, lakini ukiwa bado unahariri `node_modules` kwa mkono haitagundua. Anzisha kwa `npx vite --force`, na uzime kache ya kivinjari kwenye DevTools (zana za msanidi zilizomo kwenye kivinjari). Webpack inakwenda mbali zaidi: kwa chaguo-msingi inachukulia kwamba `node_modules` inasimamiwa na npm, hivyo hutambua pakeji kwa jina na toleo bila kusoma mafaili yake upya. Toleo halijabadilika, kwa hiyo kwake hakuna jipya. Futa `node_modules/.cache`, kwa Next.js futa `.next`, kisha jenga upya.

Yakishindikana yote hayo na tovuti ina service worker (hati inayokaa kwenye kivinjari na kuweza kuhifadhi nakala za kurasa), fungua DevTools, sehemu ya Application, uiondoe, upakie upya. Ukiona imesaidia, kumbuka kwamba simu za wateja nazo zina service worker ileile. Toa toleo jipya la hati yake. Usiwaambie wateja wafute historia.

Dalili: `Failed to apply patch for package`

Mara nyingi toleo limebadilika. Kwenye `package.json` kuna `^3.2.1`, mtu akaandika `npm update`, ikaja 3.4.0, na mistari iliyozunguka mstari wako si ileile tena. Linganisha `npm ls chagua-saa` na jina la faili la kiraka. Njia ya muda ni kurudi na kulifunga toleo: `npm install --save-exact chagua-saa@3.2.1`, halafu `npx patch-package`. Njia ya kudumu ni kusoma mabadiliko ya toleo jipya. Huenda kosa limesharekebishwa na kiraka kinastahili kufutwa. Kama bado lipo, hariri toleo jipya, tengeneza kiraka upya, futa faili la zamani.

Kuna hali ya katikati: toleo halilingani lakini kiraka kimekubali kuingia, na `patch-package` inatoa onyo tu. Usilipuuze onyo hilo. Kiraka kuingia kunathibitisha kwamba mistari ya jirani inafanana. Hakuthibitishi kwamba maana yake haijabadilika.

Kama toleo ni lilelile, angalia miisho ya mistari. Timu yenye Windows na Linux pamoja hukutana na hili mapema: Git ya Windows ikiwa na `core.autocrlf` hugeuza LF kuwa CRLF, na kiraka kinaweza kisifanane tena na pakeji. Kwenye `.gitattributes` weka `*.patch -text`, futa faili la kiraka, kisha lichukue upya kwa `git checkout -- patches`.

Kihariri nacho huharibu. Ndani ya kiraka, mstari mtupu wa muktadha si mtupu. Unaanza na nafasi moja. Kihariri kinachofuta nafasi za mwisho wa mstari kinapohifadhi faili kinaweza kukivunja kiraka bila mtu kuona kwa macho. Kwenye `.editorconfig`, chini ya `[*.patch]`, weka `trim_trailing_whitespace = false`. Na usihariri kiraka kwa mkono: nambari za `@@ -41,3 +41,3 @@` ni hesabu ya mistari, ukiongeza mmoja bila kuzirekebisha faili lote linakataliwa.

Mara chache zaidi, folda iko nusu-nusu. Umeme umekatika katikati ya usakinishaji, faili moja limetiwa kiraka na lingine limeshushwa safi. `patch-package` hujaribu kuona kama kiraka kilikwisha kuingia, lakini mchanganyiko huo huishinda. Hapa hakuna ujanja: `npm ci`. Kiraka kikubwa kikikataa sehemu moja tu, `npx patch-package --partial` hutia zinazokubali na kuandika zilizokataa kwenye `patch-package-errors.log`. Itumie kukusaidia kukiandika upya, kamwe isiwe kwenye seva ya wateja.

Dalili: kiraka hakitengenezeki, au kimetoka kikubwa kupita kiasi

Ujumbe wa kwamba hakuna mabadiliko hutokea ukiwa umehariri nakala nyingine, au umehariri `package.json` ya pakeji. Faili hilo huachwa nje kwa chaguo-msingi. Kulijumuisha andika `--exclude 'hakuna'`, yaani mpe mfano usiolingana na kitu.

Amri ikining'inia kwenye kusakinisha, ni mtandao. `patch-package` hushusha nakala safi ya pakeji ili ilinganishe, kwa hiyo bando likiisha haimalizi. Ukiongeza `prefer-offline=true` kwenye `.npmrc`, npm itatumia kwanza kilichoko kwenye kache yake.

Kiraka cha maelfu ya mistari karibu kila mara kimebeba mabaki ya ujenzi, hasa folda za `build`. Futa mabaki hayo, tengeneza tena.

Dalili za pnpm

Usihariri `node_modules` ya pnpm moja kwa moja. Kwenye mifumo mingi ya Linux mafaili yake ni viungo vya ghala moja la mashine nzima, hivyo ukibadilisha mradi wa tiketi umebadilisha na mradi wa dagaa. Kama umeshafanya hivyo, `pnpm store status` inataja pakeji zilizoguswa, na `pnpm install --force` kwenye kila mradi hurudisha safi. Njia sahihi ni `pnpm patch chagua-saa@3.2.1`, kuhariri folda inayotajwa, kisha `pnpm patch-commit` na njia ya folda hiyo.

`ERR_PNPM_UNUSED_PATCH` inamaanisha toleo lililotajwa kwenye `patchedDependencies` halipo tena kwenye mradi. `ERR_PNPM_LOCKFILE_CONFIG_MISMATCH` kwenye CI inamaanisha kiraka kimebadilika na `pnpm-lock.yaml` haikukomitiwa pamoja nacho. Ukali huu ni neema; usiuzime.

Laravel na Composer

`cweagans/composer-patches` ikionekana kimya, tangu Composer 2.2 lazima uiruhusu: `composer config allow-plugins.cweagans/composer-patches true`. Njia ndani ya kiraka zianzie kwenye mzizi wa pakeji, bila `vendor/`. Kwa toleo la 1 la zana hiyo weka `"composer-exit-on-patch-failure": true` ndani ya `extra`, kwa toleo la 2, ukibadilisha kiraka endesha `composer patches-relock` na `composer patches-repatch`. Kiraka kimo kwenye `vendor` lakini tabia ni ya zamani? Ni OPcache, kache ya PHP. Anzisha upya php-fpm.

Simama hapa, mwite mwenye ujuzi

Usitie kiraka peke yako kwenye msimbo wa usimbaji, nywila, tokeni za kuingia, au uthibitisho wa malipo ya M-Pesa na Airtel Money. Mstari mmoja unaofuta ukaguzi wa saini "ili ipite" unaruhusu mtu yeyote kuandika malipo ambayo hayakufanyika. Mtoa huduma wa malipo na mtaalamu wa usalama waone kiraka kabla ya mteja.

Simama pia pakeji ikiwa na mafaili ya `.node`, maana hayo yamekompailiwa na kiraka cha maandishi hakiyagusi. Simama kiraka kikigusa taarifa za wateja, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mwenye tovuti, hata kama kosa lilianzia kwa mwandishi wa pakeji. Na soma leseni: MIT inakuacha ubaki na kiraka chako, lakini AGPL inakutaka uwape watumiaji wa huduma yako msimbo uliobadilishwa. Hapo ni suala la mwanasheria.

Jihadhari na `npm audit`. Husoma nambari za matoleo tu, hivyo ukiziba tundu la usalama kwa kiraka itaendelea kukuonya. Kibaya zaidi ni kinyume chake: kiraka kimekufunga kwenye 3.2.1, tundu likazibwa kwenye 3.2.2, na hakuna anayethubutu kupandisha toleo kwa hofu ya kuvunja kiraka. Kwa hiyo kila kiraka kiwe na mstari kwenye README unaosema kinarekebisha nini, nani alikiweka, na taarifa iliyopelekwa kwa mwandishi wa pakeji iko wapi.

Kukiondoa

Kufuta faili la `.patch` hakurudishi `node_modules` ilivyokuwa. Mashine yako itaendelea na msimbo wenye kiraka huku seva ikipata msio nao. Endesha `npx patch-package --reverse` kwanza, ndipo ufute faili. Au lifute, kisha `npm ci`. Ukishapandisha pakeji hadi toleo lenye marekebisho, chagua 21:00 kwenye fomu ya tiketi, upande wa seva na upande wa kivinjari, uhakikishe zote mbili zinaandika saa 3 usiku.